Kumbu na Kumbu

Waliniletea mashine imefungwa kwenye kitenge
kama mtoto anayepelekwa kupimwa uzito,
mvua ya Kadutu ikiwapiga migongo,
na Mama Nsimire akasema kabla hajaketi:
Fundi, hii inaiba.

Si yenyewe. Anayeiandikia.
Cibalonza alibaki mlangoni, daftari kwapani,
maji yakimchuruzika kwenye misuko.
Nabintu wa sambaza aliweka elfu tisa Jumanne;
Ijumaa skrini ikasoma elfu moja.
Wiki iliyofuata jina lake lenyewe likageuka, Fabintu,
naye akauliza mbele ya chama kizima:
huyo Fabintu ni nani,
ndiye aliyekula elfu nane zangu?

Mimi wizi siujui. Najua vijiti.
Mashine ni ya mwaka niliokuwa darasa la tatu,
jalada limekuwa rangi ya chai,
vijiti viwili vya kumbukumbu,
na mfumo mdogo unaoenea wote kwenye flashi ya ukubwa wa kucha
ukabakiza nafasi ya nyimbo za kwaya.
Nikalaumu umeme. Huku umeme hulaumiwa kwanza.
Nikalaumu diski, nikaibadilisha. Fabintu akarudi.
Nikachomoa vijiti, nikasugua meno yao
kwa raba ya mwanangu,
nikapuliza, nikarudisha.
Fabintu.

Basi usiku, kwa betri ya pikipiki,
nikaanzisha jaribio lisilo na haraka,
linalobisha hodi chumba kwa chumba.
Andika sifuri. Soma sifuri.
Andika moja. Soma moja.
Andika moja. Soma moja.
Mamilioni ya vyumba, vyote vikiitika,
hata nikasinzia, paji la uso mezani.
Karibu saa tisa nikaamka:
mstari mwekundu.
Andika moja.
Soma sifuri.

Nikabadilishana nafasi za vijiti. Kosa likahama na kijiti chake
kama mtu anavyohama na kikohozi.

Nikachukua kalamu.
Tisa, kwa mashine, ni nane na moja zilizoshikana mikono.
Nane ikikosa pa kusimama, inabaki moja.
N ni herufi ya kumi na nne:
ondoa nane, imebaki ya sita. F.
Elfu nane za Nabintu hazikuliwa na mtu.
Zilifika kwenye chumba kimoja kisicho na sakafu
zikaanguka humo, kila mara, kimya.

Kijiti kingine nimekitafuta Nyawera,
nimekitafuta hata kwa wauza vyuma chakavu. Hakuna.
Na kimoja peke yake hakikuamsha mfumo;
neno lenyewe linakataa:
kumbu bila kumbu ni kigugumizi.
Nikafanya tunavyofanya huku mlimani
mvua inapong'oa kipande cha njia:
hatuihami Kadutu. Tunachomeka miti miwili,
tunafunga kamba, watu wanapita pembeni.
Nikauandikia mfumo anwani ya shimo:
hapa usiweke kitu cha mtu.

Asubuhi walikuja wote. Nikawaeleza,
nane na moja, kwa vidole, mara tatu.
Mama Nsimire akaitazama mashine muda mrefu
kama shahidi aliyebadilisha maneno.
Nabintu akaweka kifuko cha sambaza juu ya daftari.
Neno pole halikutamkwa.

Cibalonza akakisogeza kile kifuko, daftari lisilowe.
Fundi, akauliza, ulilala?
Kidogo.
Basi hii mmeipima usiku kucha, akasema,
hakuwa ananiangalia mimi.
Mimi mlinipima dakika ngapi?

Mvua juu ya mabati.
Jaribio lilikuwa bado linaendelea,
mzunguko wa saba, makosa sifuri.
Sikujua kama inafaa kulizima.